Kabla ya kuvuna, panga nyumba: Ghala la kwanza la mkulima Mbulu na Hanang ni chumba anacholala

KATIKATI ya mwaka, mahindi yanapokauka mashambani kuanzia Dongobesh na Haydom wilayani Mbulu hadi Katesh na Bassotu wilayani Hanang, familia nyingi huwa na shughuli moja kubwa, nayo ni kuvuna. Mikokoteni ya punda hupishana njiani, mashine za kupukuchua hunguruma, na wanunuzi wenye malori huanza kupita vijijini kuulizia mzigo.

Swali moja dogo halipewi nafasi wakati huo. Magunia hayo yatakaa wapi?

Katika kaya nyingi jibu linajulikana. Yatakaa ndani. Baadhi yatapangwa sebuleni, mengine chumbani kando ya kitanda, na yatakayobaki yatapandishwa darini. Humo humo ndani tayari kuna plau iliyovunjika, nira ya maksai, viroba vitupu vya mwaka juzi, madebe yenye kutu, viatu visivyo na jozi, makopo ya dawa ya mifugo, mfuko wa mbolea uliobaki na maharage ya mbegu ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa lini.

Mavuno mapya huingia juu ya rundo hilo. Hasara ya mkulima huanzia hapo, miezi kadhaa kabla hajafika sokoni. Na wilayani Mbulu, mwaka 2007 ulionyesha kwamba nyumba inayolisha panya inaweza kumgharimu mtu zaidi ya mahindi.

Moshi uliondoka, magunia yakabaki

Kuweka nafaka ndani si uzembe wa leo. Nyumba za asili za Wairaqw zilikuwa za tembe, nyingine zikiwa zimechimbwa kwenye mteremko wa kilima ili zisionekane kwa urahisi na maadui waliokuja kupora ng'ombe. Watu, mifugo na chakula vilikaa chini ya paa moja. Nafaka ilipanda darini, na moto wa jiko uliwaka karibu.

Mpangilio huo ulikuwa na faida yake. Joto na moshi wa jiko viliendelea kukausha nafaka na kuwafukuza wadudu. Mahindi yalihifadhiwa na magunzi yake, mengine na maganda yake, na akina mama walichanganya maharage na majivu.

Kisha nyumba zikabadilika. Familia nyingi zimejenga kwa matofali na bati, na jiko limetolewa nje ya nyumba kubwa. Ni maendeleo mazuri kwa macho na mapafu ya wanaopika. Lakini nafaka imebaki ndani bila moshi uliokuwa ukiilinda. Vihenge vya nje navyo vimepungua, kwa kuwa wengi wanahofia wizi. Mkulima anaona ni salama zaidi kulala na mahindi yake.

Kwa sababu hiyo, kumwambia kila mkulima ajenge ghala la kujitegemea ni ushauri ambao wengi hawataufuata mwaka huu. Kilicho ndani ya uwezo wa kila kaya ni kuipanga upya nyumba iliyopo kabla mavuno hayajaingia.

Dumuzi haingoji mavuno mapya

Mdudu anayeogopwa zaidi na wakulima wa mahindi ni dumuzi, ambaye wengine humwita skania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania kupitia mkoa wa Tabora na kujulikana rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea nchini na katika nchi nyingine za Afrika.

Vipimo vilivyofanywa nchini miaka hiyo vilionyesha kuwa mahindi yaliyoshambuliwa vibaya katika ghala la mkulima yaliweza kupoteza takribani theluthi moja ya uzito wake katika miezi mitatu hadi sita. Mahindi hugeuka unga ndani ya gunia, na gunia hubaki limesimama kana kwamba limejaa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dumuzi anaweza kuishi ndani ya mbao. Hujificha kwenye nguzo, chaga, dari, magunzi makavu na nafaka kuukuu iliyosahaulika kwenye kona. Mkulima akiingiza mahindi safi ndani ya chumba chenye mabaki ya mwaka jana, amempelekea mdudu chakula kipya.

Viroba vya zamani ni tatizo jingine. Mishono yake hushika punje na mayai ya wadudu. Kiroba kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa ndicho kinacholeta uharibifu kwenye mzigo mpya.

Panya, viroboto na mwaka 2007

Mwaka 2007 wilaya ya Mbulu ilikumbwa na mlipuko wa tauni. Wataalamu wa panya kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro walikwenda kuchunguza wanyama wadogo wanaoweza kuhifadhi vimelea vya ugonjwa huo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Haikuwa mara ya kwanza kwa Mbulu kutajwa katika historia ya tauni nchini. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga nayo iliteswa na ugonjwa huo kwa miaka mingi kuanzia 1980.

Tauni husababishwa na bakteria. Huishi kwa panya na wanyama wadogo wa porini, na huhamishwa na viroboto. Panya shamba huzaliana sana chakula kinapokuwa kingi. Mashamba yanapobaki matupu baada ya mavuno, wengi wao hufuata chakula kilikokwenda, yaani ndani ya nyumba.

Hapo ndipo mpangilio wa chumba unapogeuka suala la afya. Magunia yaliyolala sakafuni na kugusa ukuta humpa panya njia, maficho na chakula kwa pamoja. Rundo la nguo kuukuu na viroba humpa mahali pa kuzalia. Mtoto anayelala kwenye mkeka sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye magunia hayo, yuko karibu na viroboto kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba.

Mkulima mwenye hasira hukimbilia sumu ya panya. Lakini katika eneo lenye historia ya tauni, mpangilio sahihi ni kuanza na viroboto. Panya anapokufa, viroboto humwacha na kutafuta mwingine wa kumnyonya damu, na huyo anaweza kuwa binadamu. Kwa hiyo nyumba hunyunyiziwa kwanza dawa ya viroboto kwa maelekezo ya afisa afya, kisha ndipo mitego na sumu vifuate. Paka husaidia, ingawa naye hubeba viroboto.

Panya wakionekana kufa ovyo bila kuwekewa sumu, hiyo ni dalili ya hatari. Wasishikwe kwa mikono mitupu, na taarifa ipelekwe mara moja kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha afya. Mtu mwenye homa kali ya ghafla, pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni inatibika kwa antibayotiki, mradi mgonjwa asicheleweshwe nyumbani.

Unyevu na sumukuvu

Tatizo la tatu halionekani kwa macho kila wakati. Nafaka iliyowekwa ikiwa mbichi, au iliyolala kwenye sakafu ya udongo inayopitisha unyevu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu huzalisha sumu ambayo wataalamu huiita sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha vifo vya watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kwa mkulima anayetaka kuuza, unyevu ni suala la soko pia. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Wanunuzi wakubwa hupima, ukiwamo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye vihenge vya kisasa mjini Babati.

Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na tikisa kwa nguvu dakika chache. Iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na yarudishwe kwenye turubai. Chumvi ikishuka chini bila kuganda, yamekaribia kufaa kuhifadhiwa, na siku moja zaidi ya jua haidhuru. Kipimo hiki hakina usahihi wa mashine, lakini kinamzuia mkulima kubahatisha kwa meno.

Siku moja ya kutoa kila kitu nje

Kazi ya kupanga inahitaji siku moja kavu, wiki mbili au tatu kabla ya mavuno, na watu wote wa nyumbani wawepo. Sababu ya kuwepo wote ni rahisi. Baba hatupi chombo cha mama, mama hagusi vyuma vya baba, na vijana hawathubutu kugusa chochote. Rundo hukaa miaka kumi kwa sababu ya heshima hiyo.

Kila kitu kitolewe nje juani na kigawanywe katika mafungu manne. La kwanza ni vitu vinavyotumika. La pili ni vinavyohitaji kutengenezwa, kama plau isiyo na ulimi au baiskeli isiyo na tairi. La tatu ni vya kuuza au kugawa. Vyuma chakavu vina wanunuzi wake kila mnadani. La nne ni vya kuchoma au kufukia.

Fungu la pili ndilo linalosumbua. Kila mtu huamini kwamba atakitengeneza kifaa chake. Njia nzuri ni kukipa muda. Ikiwa hakijatengenezwa hadi msimu wa kulima unaoanza na mvua za Novemba, kihamie fungu la tatu.

Nafaka ya zamani itengwe kabisa na ile mpya. Iliyo safi iliwe kwanza. Iliyobunguliwa bila kuvu inaweza kupepetwa na kulishwa kuku. Yenye kuvu isiliwe na mtu wala mnyama, na isipikiwe pombe.

Chumba kikiwa kitupu, ufa wote wa ukuta na sakafu uzibwe kwa udongo au saruji, kwa kuwa humo ndimo wadudu na panya wanamopita. Dari na chaga zipigwe mswaki, vumbi lizolewe na kuchomwa mbali na nyumba. Viroba vinavyorudiwa kutumika vikung'utwe, vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa hadi vikauke kabisa.

Kila kitu na mahali pake

Mahindi na ngano. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu, na yaachiwe nusu mita kutoka ukutani ili mtu aweze kupita na kukagua. Kama chumba cha kulala hakina mbadala, angalau ukuta wa mabanzi au matofali utenganishe magunia na vitanda, na mlango wake ufungwe. Watoto walale kitandani.

Wanaotumia dawa ya unga ya kuhifadhi nafaka wainunue kwenye duka lenye leseni, wasome tarehe ya mwisho wa matumizi, na wafuate kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Dawa ya kunyunyizia shambani isitumike kwenye chakula hata kama imebaki nyingi.

Wasiotaka dawa wanaweza kutumia mifuko ya PICS isiyopitisha hewa. Teknolojia hiyo ilianza kwa kunde nchini Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na sasa mifuko hiyo hutengenezwa hata hapa Tanzania. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Wadudu waliomo humaliza hewa, huacha kula na kufa. Kila mfuko hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake kwa kamba. Ukitunzwa bila kutoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja, na bei yake ni sehemu ndogo ya thamani ya mahindi yanayowekwa ndani yake. Lakini haikaushi nafaka mbichi, na panya huitoboa. Ndiyo maana usafi wa chumba unatangulia mfuko.

Maharage na mbaazi. Hushambuliwa na wadudu haraka, hivyo hufaa sana kwa mifuko hiyo. Mbegu itengwe na chakula, iandikwe aina na mwaka.

Vitunguu saumu. Zao hili linaloipa Mbulu jina sokoni lina tabia tofauti. Linahitaji hewa. Livingirishwe mafungu na kuning'inizwa, au litandazwe kwenye kichanja chenye kivuli. Kulifungia ndani ya mfuko wa plastiki ni kuliozesha.

Mbolea na dawa. Visikae chumba kimoja na chakula. Mbolea iwe juu ya chaga na mfuko wake ufungwe, kwa sababu hunyonya unyevu na kuwa mawe. Dawa za mimea na mifugo ziwe kwenye sanduku lenye kufuli, juu, mbali na watoto. Makopo matupu yatobolewe yasije kuwekewa mafuta ya kula au maji.

Vyombo vya kazi. Majembe, mapanga na nira vitundikwe ukutani, kwenye kibanda au barazani. Kifaa kilichotundikwa huonekana kikipotea, na hakina chini yake mahali pa panya kulala.

Hesabu ambayo rundo huificha

Faida kubwa ya kupanga ni kwamba mkulima anaanza kuhesabu. Magunia yaliyorundikana hayahesabiki, na yasiyohesabika huuzwa kwa kukisia.

Tuseme familia imevuna gunia 20 za debe sita sita, na debe moja huliwa kwa siku sita. Kwa mwaka itakula debe 61, sawa na zaidi kidogo ya gunia 10. Ikiweka gunia mbili kwa ajili ya wageni, vibarua na dharura, ziada ya kuuza ni karibu gunia nane.

Sasa wadudu, panya na kuvu wakiharibu gunia nne tu kati ya zile 20, hiyo ni moja ya tano ya mavuno. Lakini familia haiwezi kupunguza kula. Gunia hizo nne zitatoka kwenye ziada, na hivyo nusu ya mapato ya mahindi ya mwaka mzima itakuwa imepotelea ndani ya nyumba.

Hofu ya hasara hiyo ndiyo inayowafanya wengi wauze yote Julai na Agosti, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Wengine huuza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu, bila mzani. Januari, watoto wanapohitaji sare na madaftari, familia hiyo hiyo huingia sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu.

Daftari moja linatosha. Liandikwe tarehe, gunia zilizoingia, zilizotoka na nani alizitoa. Lining'inizwe kwenye mlango wa chumba cha nafaka, baba na mama wote waweze kulisoma. Kaya nyingi zimegombana kwa sababu ya gunia lililouzwa bila mwenzake kujua, na maandishi hupunguza maneno. Kila wiki mbili magunia yafunguliwe mawili matatu na kukaguliwa, isipokuwa mifuko ya PICS ambayo haipaswi kufunguliwa ovyo.

Kuhifadhi nako kuna mipaka

Hata hivyo, ghala zuri halimhakikishii mtu bei. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa kuagiza zao hilo, na bei ikaporomoka. Wakulima wa Manyara waliokuwa na mbaazi nyingi walijikuta na mzigo usio na mnunuzi, hata ambao hawakuwa na mdudu mmoja.

Fundisho lake ni kutouza kwa mkupuo mmoja na kutozuia kwa mkupuo mmoja. Sehemu iuzwe baada ya mavuno kwa ajili ya madeni, sehemu ingoje miezi ya mwisho wa mwaka, na chakula cha familia kisiguswe hadi mahindi mapya yaonekane shambani. Mgawanyo kama huo unamwezekania mkulima anayejua ana gunia ngapi na ana uhakika zitafika Januari zikiwa nzima.

Kwa kaya ambayo haijawahi kufanya kazi hii, si lazima kuanza na nyumba nzima. Ianze na chumba kimoja, kile ambacho magunia yataingia. Kitolewe vitu, kizibwe, kifagiliwe na kiwekewe chaga. Gharama yake ni siku moja ya kazi, ndoo ya udongo na mbao chache, na inapaswa kulipwa kabla mkokoteni wa kwanza haujafika mlangoni.